Mfundisheni mgeni kabla ya kumlaumu: barua ya wazi kwa kamati za vilabu vya gofu

Ndugu manahodha na wajumbe wa kamati za vilabu vya gofu, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Nairobi, Mombasa na Kampala,



Katika vilabu vingi vya gofu vya Afrika Mashariki, tangazo la kwanza linalomlaki mgeni ni la mavazi. Shati liwe na kola. Jinzi haziruhusiwi. Kofia ivuliwe ndani. Tangazo hilo limeandikwa kwa herufi kubwa na mlinzi wa getini analijua kwa kichwa. Lakini mgeni huyohuyo anaweza kulipa ada, akanunua seti ya fimbo, akapanda kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia shimo, na kuupiga mpira kabla mtu yeyote hajamweleza jambo linaloweza kumtoa mwenzake jicho: usipige mpaka walio mbele yako wamefika mahali ambapo mpira hauwezi kuwafikia.

Barua hii inamhusu mgeni huyo, na inawahusu ninyi mliompokea. Malalamiko juu ya wanaoanza ni yaleyale kila msimu: wanajikokota, wanaongea mwenzao akijiandaa kupiga, wanaacha uwanja umechimbika kama umepitwa na nguruwe. Yana ukweli. Ila wengi wanaojiunga leo hawakulelewa na mzazi mcheza gofu. Ni mhasibu wa benki, mwenye duka Kariakoo, daktari kijana, mwalimu aliyealikwa na rafiki. Mchezo wameujua kwa kutazama televisheni, na televisheni huonyesha mpira ukiruka. Reki na mtu anayesawazisha mchanga hubaki nje ya picha. Mtu hawezi kudaiwa adabu ambayo hakuna aliyemfundisha.

Na mamlaka ya kufundisha mnayo. Kanuni za kwanza za gofu zilizohifadhiwa kwa maandishi ziliandikwa mwaka 1744 na wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh, Uskoti. Zilikuwa 13 tu. Miaka mingi baadaye kitabu cha kanuni kilikuwa kikifunguliwa kwa sehemu ya adabu iliyosimama peke yake, ambayo wachezaji wengi waliipita haraka kama utangulizi. Mwaka 2019, R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni hizo duniani, viliiondoa sehemu hiyo na kuiingiza adabu ndani ya Kanuni ya 1 yenyewe. Kanuni hiyo humtaka mchezaji awe mkweli, awajali wengine na autunze uwanja. Kamati ya kilabu inaruhusiwa kuandika mwongozo wake wa mwenendo na kuuwekea adhabu. Hayo matatu ndiyo msingi, na hakuna hata moja linalotaja kola ya shati.

Usalama ndio unaostahili kutangulia. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93, mdogo kiasi cha kufichika kiganjani. Ukipigwa sawasawa kwa fimbo ndefu, hata na mchezaji wa kawaida, unaweza kuruka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya Ryder Cup nchini Ufaransa, mpira uliopigwa na Brooks Koepka wa Marekani kutoka tii ya shimo la 6 ulimpata mtazamaji mmoja usoni, naye akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho lake la kulia. Koepka wakati ule alikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani. Ikiwa mpira wake ulikwenda pembeni, wa mtu mwenye wiki tatu za mazoezi utakwenda wapi?

Viwanja vya kwetu vina watu wengi kuliko mgeni anavyodhani. Yupo anayekata nyasi huku mashine ikimziba masikio. Yupo kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, aliyetangulia mbele kuangalia mpira utaangukia wapi. Wapo vijana wanaotafuta mipira iliyopotea vichakani. Na viwanja kadhaa vimezungukwa na mji, kwa hiyo ng'ambo ya ua kuna barabara na watu wanaokwenda zao. Mpira ukielekea kwa mtu, mpigaji anapaswa kupaza sauti papo hapo: “Fore!” Neno hilo linajulikana duniani kote na kila kedi akilisikia huinama na kujikinga kichwa. Anayeanza mara nyingi hulimeza. Ameambiwa gofu ni mchezo wa watu watulivu, anaona aibu kupiga ukelele mbele ya wakubwa, basi ananyamaza kwa kudhani kunyamaza ndiko ustaarabu. Jambo hilo lisemwe wazi siku ya kwanza: hapa, ukelele ndio adabu.

Baada ya usalama, muda. Lawama za mwendo wa pole humwangukia anayeanza kwa sababu hupiga mapigo mengi, lakini wingi wa mapigo si tatizo kubwa hivyo. Kinachochelewesha kundi ni kutokuwa tayari. Mtu anasubiri zamu yake ifike ndipo aanze kuvaa glovu, kupima upepo na kuchagua fimbo. Anaacha mfuko upande wa mbele wa grini, lile eneo la nyasi zilizonyolewa ambako shimo na bendera hukaa, kisha analazimika kurudi kuufuata, huku kundi la nyuma limesimama mikono viunoni. Anamaliza shimo na kubaki palepale pembeni ya bendera akiandika kadi. Wapo wenye handikapu ya tarakimu moja, yaani wachezaji hodari, wanaouzunguka mpira pande zote nne kabla ya kuusukuma mita mbili, na mgeni anayepiga mapigo 120 kwa hatua za haraka humaliza mapema kuliko wao.

Hesabu yake ni nyepesi. Kundi likipoteza dakika 2 katika kila shimo, kwa mashimo 18 limepoteza dakika 36, na kila kundi lililo nyuma limepoteza dakika hizohizo. Kwetu, karibu na ikweta, jua halingoji mtu. Giza huingia mapema jioni mwaka mzima. Kundi la mwisho lililoanza mchana huishia kucheza shimo la 16 bila kuona bendera.

Kanuni za 2019 ziliyatazama haya. Muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3. Mchezaji anashauriwa apige ndani ya sekunde 40 zamu yake ikifika. Katika mchezo wa kuhesabu mapigo, aliye tayari anahimizwa apige hata kama si yeye aliye mbali zaidi na shimo, mradi hamhatarishi mtu. Bendera inaweza kubaki shimoni wakati wa kusukuma. Tena kanuni hizo zilileta aina ya mchezo ambayo kamati huweka kikomo cha mapigo kwa kila shimo: ukikifikia, unaokota mpira na kusonga mbele. Aina hiyo inawafaa sana wanaoanza, lakini ni nadra kuiona kwenye ratiba za mashindano ya wanachama. Iwekeni. Mgeni atapumua, na walio nyuma yake watapumua pia.

Sasa uwanja wenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha barua hii.

Grini hukatwa hadi urefu wa milimita tatu, nne au tano. Mpira unaotua hapo kutoka juu huacha kishimo. Kikirekebishwa mara moja kwa uma mdogo, kwa kuzisukuma nyasi za kando kuelekea katikati bila kuinua udongo wa chini, kisha kugandamiza juu, nyasi hupona haraka. Kikiachwa, nyasi za katikati hufa, kovu hubaki kwa wiki kadhaa, na mipira ya watu wengine hupotoka kila inapopita juu yake. Kazi yenyewe huchukua sekunde chache. Tangu 2019 mchezaji anaruhusiwa kurekebisha karibu kila uharibifu kwenye grini, hata alama za viatu, kwa hiyo hana kisingizio.

Nyasi za njia kuu, ile ya kutoka tii hadi grini, zina habari yake. Nyasi za kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kupewa jina la Wakikuyu, zimesafiri hadi Marekani. Ndizo zilizotanda katika njia za Riviera, kilabu maarufu cha Los Angeles. Ni nyasi ngumu, hutambaa haraka na kuziba majeraha. Hata hivyo kipande kilichobanduliwa na fimbo kikiachwa kimelala kando, tundu hubaki, na mpira wa mchezaji mwingine utaingia humo. Kirudishwe mahali pake na kukanyagwa, au tundu lijazwe mchanga kama uwanja umeweka chupa za mchanga. Kwenye banka, yaani shimo la mchanga, nyayo zifutwe kwa reki hadi pale mchezaji alipotokea. Na kwenye vile viwanja vidogo ambavyo badala ya grini za nyasi vina brauni, mchanga uliochanganywa na mafuta, kundi likimaliza hulisawazisha eneo lote kabla ya kuondoka.

Nani anayeyafanya hayo kwetu? Kedi.

Huko Ulaya na Marekani mchezaji wa kawaida hucheza bila kedi, kwa hiyo reki huishika mwenyewe. Kwetu kedi bado yupo karibu kila mahali, na kwa kuwa yupo, adabu yote ya uwanja imewekwa begani mwake. Yeye ndiye anayesawazisha mchanga, anayerudisha nyasi, anayeziba kishimo, anayeshika bendera, anayetafuta mpira kwenye miiba. Mgeni anamwona mwenyeji wake akitoka bankani bila kugeuka nyuma, naye anaiga. Miezi sita baadaye amezoea kwamba uwanja hutengenezwa na mtu mwingine. Siku anayocheza bila kedi, au kedi mmoja akihudumia watu wawili, uharibifu unabaki pale, kisha kamati inashangaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapeni wageni jembe lao, ambalo kwa gofu ni uma mdogo wa kurekebishia grini. Mtu apewe mkononi siku anayojiandikisha, aonyeshwe namna ya kuutumia, na aambiwe kwamba kedi atamsaidia, ila jukumu ni lake.

Kedi huyohuyo ndiye mwalimu wa adabu asiyelipwa. Ndiye anayemnong'oneza mgeni, “Mzee, sogea kidogo, kivuli chako kiko kwenye mstari wa mwenzako.” Ndiye anayemshika mkono kabla hajakanyaga njia ambayo mpira wa mwingine utapita. Wengi wao wanazijua kanuni kuliko wenye kadi za uanachama, na si ajabu, kwa kuwa mabingwa kadhaa walitoka kwao. Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alikulia Pedreña akibeba mifuko ya wachezaji. Kwa kazi hiyo ya kufundisha kedi wa hapa hapati hata shilingi ya ziada. Wakati mwingine hupata tusi. Mpira ukienda majini anaambiwa alichagua fimbo mbaya. Fimbo ikirushwa kwa hasira, yeye ndiye anayetumwa kuiokota.

Mgeni afundishwe kwamba malipo yanajulikana kabla ya kuanza na hutolewa siku hiyohiyo, na kwamba kedi huitwa kwa jina lake. Aelewe pia kwamba kumtuma kedi ausogeze mpira kwa mguu vichakani ni udanganyifu wa mchezaji mwenyewe: Kanuni ya 10.3 humfanya mchezaji awajibike kwa matendo ya kedi wake, na adhabu huandikwa kwenye kadi ya aliyemtuma.

Gofu haina mwamuzi anayemfuata kila mchezaji, na hilo humshangaza anayetoka kwenye soka. Mchezaji hujihesabia mapigo na kujitangazia adhabu. Mwaka 1925, kwenye US Open iliyochezwa Worcester, Massachusetts, mchezaji Bobby Jones aliweka fimbo nyuma ya mpira uliokuwa kwenye nyasi ndefu na ukasogea kidogo. Hakuna mwingine aliyeuona ukisogea. Jones alijiongezea pigo moja. Mwisho wa mashindano alikuwa sawa na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa. Pigo lile moja lilimgharimu ubingwa.

Mfano wa pili ni wa kadi. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters huko Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza shimo la 17 kwa mapigo 3. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia, Tommy Aaron, akaandika 4. De Vicenzo akatia saini bila kukagua, na kwa kanuni namba kubwa aliyoitia saini ikasimama: jumla yake ya siku hiyo ikawa 66 badala ya 65. Akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, ambaye ndiye aliyetangazwa bingwa. De Vicenzo alikuwa bingwa wa Open ya Uingereza ya 1967, na siku ile alikuwa akitimiza miaka 45. Lawama alijitwika mwenyewe, hakumrushia mwenzake. Simulizi hizo mbili humwelewesha mtu mzima heshima ya kadi kuliko tangazo lolote la ukutani.

Ziwepo na simulizi za kwetu. Tumbili huokota mipira. Mgeni anayeona tumbili akikimbia na mpira wake hajui afanye nini. Mmoja atajihurumia na kuuweka mpya mahali pazuri zaidi, mwingine atajiadhibu bure. Kanuni inasema mnyama akiuondoa mpira uliokuwa umetulia, mpira hurudishwa mahali pake au mwingine huwekwa hapo, bila adhabu. Mahali pasipojulikana kamili hukadiriwa. Kwa uwanja wenye tumbili, somo hilo lina faida kuliko kurasa kumi za tafsiri kuhusu theluji.

Inabidi kusema pia juu ya heshima inayodaiwa upande mmoja. Kilabu kilichotokana na wale wachezaji wa Leith wa 1744 ndicho kinachomiliki uwanja wa Muirfield huko Uskoti, na kwa muda mrefu kilijulikana kwa taratibu kali za koti na tai. Kilabu hichohicho kilikataa kuwapokea wanawake uanachama hadi Machi 2017, baada ya kura ya 2016 kushindikana na R&A kutangaza kwamba Open haitapelekwa tena pale. Koti na tai vilikuwepo siku zote hizo. Heshima kwa nusu ya binadamu haikuwepo.

Historia ya kwetu nayo haiko mbali na hapo. Entebbe Club ilianzishwa mwaka 1901 na kilabu cha Nairobi ambacho baadaye kiliitwa Royal mwaka 1906, vyote kwa ajili ya watawala wa kikoloni na wageni wao, huku Mwafrika akiingia uwanjani kama kedi au mkata nyasi. Tangazo la mavazi getini ni urithi wa nyakati hizo. Halina haja ya kung'olewa. Shati safi halimdhuru mtu. Lakini kilabu kinachomrudisha kijana getini kwa sababu ya kola, kisha kikamwacha mheshimiwa aongee na simu kwa sauti katikati ya grini wakati mwenzake anasukuma mpira, kimemfundisha kijana yule somo baya kabisa: kwamba adabu ni mzigo wa wadogo. Anayeanza hujifunza kwa macho. Akimwona mjumbe wa kamati akiruka zamu kwenye tii, au akimfokea kedi, hakuna mwongozo utakaomrekebisha.

Basi haya ndiyo maombi. Kabla mtu hajapewa ruhusa ya kucheza Jumamosi, atembezwe mashimo matatu jioni ya siku ya kazi, bila haraka, na kedi mzoefu aliyelipwa kwa saa hizo kama mkufunzi. Aonyeshwe mahali pa kusimama, apaze sauti ya “Fore!” mara kadhaa mpaka aibu imtoke, azibe kishimo kwa mkono wake, avute reki, aokote mpira baada ya dakika 3 za kutafuta, alipishe kundi lililo nyuma. Mwongozo uandikwe kwa Kiswahili pia, kwa maneno ambayo makedi na watunza uwanja wanayatumia, na ubandikwe pale kwenye tangazo la mavazi, juu yake. Mwongozo huo uwekewe adhabu kama Kanuni ya 1 inavyoruhusu, na adhabu ya kwanza isimwogope mwenye cheo. Mwenyeji anayemleta mgeni awajibike naye kwa mizunguko ya mwanzo. Na kedi anayetukanwa awe na mtu wa kumpelekea malalamiko ambaye si mchezaji aliyemtukana.

Gharama yake ni ndogo: saa chache za kedi, chapa ya kurasa mbili, uma wa chuma kwa kila mwanachama mpya. Kamati nyingi hutumia zaidi ya hapo kwa vikombe vya shindano moja. Liingizeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na muwaalike makedi wawili waketi mezani mnapolijadili.